Usiku Bibi Alipoisikiliza Daratt

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hivyo sinema kwake ilikuwa ya kusikiliza. Usiku ule, nyumbani kwetu Kibokoni, nilikuwa nimeweka Daratt, filamu ya Mahamat-Saleh Haroun wa Chad ya mwaka 2006. Akanambia nisogeze kompyuta kitandani kwake nimsimulie.

Redio inatangaza kwamba waliofanya maovu vitani wamesamehewa. Mzee mmoja kipofu hakubali. Anampa mjukuu wake bastola akamuue aliyemuua babake. Kijana anaitwa Atim. "Yatima," bibi akadakia kabla sijamweleza. Kiarabu cha chuo cha Kurani kilimtosha.

Atim anafika N'Djamena, anamkuta Nassara, mpika mikate. Koo lake limeharibika, anasema kwa kifaa anachokibandika shingoni, sauti inatoka kavu kama redio iliyokosa mawimbi. Bibi alijivuta leso masikioni. Halafu watu wenyewe hawasemi sana, na yeye, aliyelelewa na michezo ya redio, akanung'unika: "Wamenuniana?" Ikabidi nimjazie mwenyewe: muuaji anawagawia watoto mikate, anampa Atim kazi, anamfundisha kukanda unga.

Hapo nikaanza kutokwa na jasho. Mtaani kwetu kulikuwa na mwenye tanuri aliyekula fungu la marehemu babu katika jahazi walilonunua pamoja, na bibi aliapa mkate wake hautapita mlango wetu. Haukupita. Mimi niliula barazani kwa watu, boflo la moto na bajia, kisha nikikung'uta makombo kwenye kanzu kabla ya kuingia ndani. Hata jioni ile nilikuwa nimeula.

Mwisho Atim anampeleka Nassara jangwani, mbele ya babu yake. Mzee anaamrisha. Bastola ikalia.

"Kamuuwa?" Bibi alikuwa amenishika mkono.

Kwenye skrini Atim alikuwa amepiga risasi hewani, na mzee amesimama pale akiamini kazi imekwisha. Sijui ni nini kilichonipata.

"Kamuua, bibi."

Akauwachia mkono wangu. Akapapasa ukingo wa kitanda, akauona, akakaa kitako.

"Basi wale watoto mkate watapawa ni nani?"