Kikao Kikae Pale Kazi Inapofanyika

Kazi inayochukua saa nyingi kwenye seva ya mbali, kama vile kuhamisha hifadhidata kubwa, haipaswi kutegemea uhai wa intaneti ya mtu aliyeianzisha. Lakini ndivyo inavyokuwa kwa anayeingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na kuandika amri moja kwa moja. Mtandao ukikatika na seva ikatambua hivyo, hufunga terminali ya bandia (dirisha la amri lisilo na kifaa halisi) iliyomfungulia, ishara ya SIGHUP, inayoarifu programu kwamba terminali imekatika, hutumwa, na programu zilizozinduliwa kutoka kwenye sheli ile, yaani programu inayopokea amri, hufa, isipokuwa zile zilizoandaliwa kuipuuza. Amri ya nohup, inayoifanya programu ipuuze ishara hiyo, huiokoa kazi, ila humwacha mwenyewe nje: programu ikiuliza swali katikati ya safari, hana tena njia ya kulijibu.

Tmux, programu inayofungua na kutunza terminali ndani ya mashine, hulimaliza tatizo hili kwa kugawa majukumu mawili ambayo kwa kawaida hufungwa pamoja. Upande mmoja kuna mchakato wake mkuu unaomiliki terminali za bandia na programu zote zilizomo. Upande mwingine kuna mteja, ambaye kazi yake ni kuchora skrini na kupeleka vibonyezo kupitia soketi, faili maalumu la mawasiliano, iliyo chini ya /tmp. SSH ikikatika, anayekufa ni mteja peke yake, na mchakato mkuu unaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Wazo hili lilikuwepo kabla ya tmux: Oliver Laumann na Carsten Bormann walitoa Screen, programu ya aina hiyohiyo, mwaka 1987, na Nicholas Marriott akaanza tmux mwaka 2007. Zote mbili bado zinatumika, nami napendekeza tmux kwa anayeanza leo, kwa sababu usanidi wake unasomeka.

Jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha ni mahali pa kukiweka kikao, yaani kundi la madirisha na programu ambalo tmux hulitunza. Wengi hufungua tmux kwenye kompyuta mpakato, wakagawa skrini vidirisha vinne, na katika kila kidirisha wakaingia kwenye seva kwa SSH. Mpangilio huo unapendeza machoni, lakini unalinda kitu kimoja tu, yaani dirisha la terminali likifungwa kwa bahati mbaya. Mtandao ukikatika, SSH zote nne zinaanguka na kazi zilizoko ng'ambo zinaanguka nazo. Kikao kinachodumu lazima kiishi kwenye mashine ileile inayofanya kazi. Mimi huingia kwa amri hii moja:

ssh -t seva tmux new -A -s kazi

Herufi -A humaanisha kwamba kikao kiitwacho "kazi" kikiwepo nitaunganishwa nacho, kisipokuwepo kitaundwa, hivyo amri ni ileile asubuhi na jioni, nikiwa nyumbani au ofisini. Nikitaka kuondoka nabonyeza Ctrl-b, vitufe vinavyoiambia tmux kwamba amri yake inafuata, kisha d, na kila kitu kinabaki kama kilivyo.

Tmux ya kwenye kompyuta yangu bado ina nafasi, kwani huniwekea kila mradi kikao chake chenye madirisha yake. Tatizo ni kwamba mojawapo ikiwa ndani ya nyingine, zote zinasubiri Ctrl-b, na ya nje ndiyo inayoipokea. Mtu anaweza kuibonyeza mara mbili ili ya pili ifike ndani, lakini mimi nimeona ni heri ya nje ipewe Ctrl-a, iliyozoeleka tangu enzi za Screen, ingawa mwenye mazoea ya kurudi mwanzo wa mstari kwa vitufe hivyo atabanwa.

Kwa wanaohama kutoka Wi-Fi ya ofisi kwenda bando la simu, ipo Mosh, programu ya kuingia kwenye seva ya mbali, iliyotolewa mwaka 2012 na Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT. Huanza kwa SSH kumthibitisha mtumiaji, kisha huhamia UDP, njia ya kutuma data isiyodai muunganisho wa kudumu, kwenye milango ya mtandao (ports) kati ya 60000 na 61000, kwa hiyo anwani ya IP ikibadilika muunganisho hauvunjiki. Haichukui nafasi ya tmux: kompyuta yako ikizima, Mosh haina njia ya kukurudisha ulipokuwa. Zitumike pamoja.

Mipaka ipo, na inafaa ijulikane mapema. Seva ikiwashwa upya, vikao vyote hupotea. Tmux-resurrect, nyongeza ya tmux, hurudisha mpangilio wa madirisha, lakini hairudishi hesabu iliyokuwa imefika katikati, kwa hiyo kazi ya siku nzima iandikwe ihifadhi hatua zake yenyewe. Baadhi ya mifumo, tangu toleo la 230 la systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) la mwaka 2016, inaweza kuua michakato yote ya mtumiaji anapotoka; palipo na mpangilio wa KillUserProcesses=yes, tmux izinduliwe kwa systemd-run --user --scope baada ya loginctl enable-linger, amri inayoruhusu michakato ya mtumiaji kuendelea akiisha kutoka. Historia ya kila kidirisha ni mistari 2000 tu isipoongezwa kwa history-limit, na ongezeko hilo haligusi madirisha yaliyokwisha kufunguliwa. La mwisho ni la usalama: sheli ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) iliyoachwa wazi ndani ya kikao hubaki wazi kwa yeyote atakayeipata akaunti yako, kwa hiyo ifungwe kwa exit kabla ya kubonyeza d.