Nilivyoongea na ndugu kuhusu mafuta ya C60 waliyotaka kumnunulia baba

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mijongeo ya mwili, tupo Pasua hapa Moshi, mkono unatetemeka mpaka vifungo vya shati tunamfungia sisi. Sa shangazi akaona mtandaoni mafuta ya C60 yanayosemwa yanalinda seli za ubongo, akataka tuchange tuagize na ndugu karibu wote washakubali. Nikaomba nisome kwanza, manake kemia nimesoma na huyu ni baba yangu.

Nikakuta jambo lina ukweli ndani yake, ndo maana huwezi kulikataa juu juu. C60 ni kaboni tupu, atomu 60 zimeshikana kama mpira wa miguu, iligunduliwa 1985 na kina Kroto, Curl na Smalley wakapata Nobel 1996. Inadaka sana radikali huru, zile molekuli zinazoharibu seli, na kwenye Parkinson zinatajwa kuchangia kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea. Mwaka 1997 kina Laura Dugan kule Marekani walionyesha inakinga seli za ubongo wa panya, 2014 wakawapa nyani wenye dalili za Parkinson na dalili zikapungua. Nilifurahi kweli kusoma hapo!

Ila walichotumia wao sio kile cha kwenye chupa. C60 tupu haiyeyuki kwenye maji, kwahiyo waliibandika kwanza vikundi vya kaboksili, yaani vipande vidogo vya atomu vinavyopenda maji, hiyo tayari ni molekuli nyingine. Ya kwenye chupa ni C60 kwenye mafuta ya zeituni, ilivuma baada ya utafiti wa panya Ufaransa 2012 kwamba waliishi muda mrefu, ila wanasayansi wengine walipokuja kupima tena kwa panya maisha hayakurefuka na yale mafuta yakipigwa na mwanga yanakuwa sumu.

Jumapili baada ya ibada nikaanza kwa kumwambia shangazi ulichosoma kina msingi, halafu ndo nikaeleza tofauti taratibu. Akaniuliza, "Kwahiyo mwanangu tumwangalie tu kaka yangu?" Swali hilo nililitegemea, nikasema hela ileile tununue levodopa, dawa yake ya Parkinson, mapema isiwe inaisha katikati ya mwezi, inayobaki iende kwenye mazoezi ya viungo. Akanyamaza kidogo akasema sawa, hela ya dawa atashika yeye, na ndo anayeshika mpaka leo.