Hasek alinitegua nyonga, Roy akanifundisha kudaka

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa tangu nihamie Montreal, Kanada, ulitoka kwa Mbongo mwenzangu. "Mwanangu, wewe si ulikuwa kipa wa ndondo kule Tanga? Kudaka ni kudaka tu." Timu yao ya hoki ya barafu, ya wazee wenye vitambi, ilikosa kipa. Nikaingia kichwakichwa.

Kudaka si kudaka tu. Goli lenyewe upana ni mita 1.83, kimo mita 1.22, ukilitazama unadhani ukisimama umelijaza. Mechi ya kwanza nikajirusha kama nilivyozoea mchangani. Kwenye barafu ukijirusha hutui, unaendelea na safari. Nilitereza hadi ubaoni nikiwa nimejilaza kifudifudi, na nyuma yangu nikasikia watu wanashangilia. Tisa siku hiyo. Nikajifariji baadaye niliposoma kwamba Patrick Roy, kipa gwiji wa hoki, naye alifungwa tisa hapahapa Montreal, tarehe 2 Desemba 1995, Detroit walipoichapa Canadiens, timu yake ya hapa, 11-1. Tofauti ni kwamba yeye alikasirika akahama timu, akachukua kombe Colorado msimu uleule. Mimi nilirudi nyumbani na basi.

Vifaa nilinunua vya mitumba. Bei siisemi, mke wangu anasoma haya. Kinyago cha kukinga uso tu nilinunua kipya, na nawashauri msibane pesa hapo. Kipa wa zamani Jacques Plante alidaka bila kinyago kwenye mechi mpaka Novemba 1959, shuti la Andy Bathgate lilipompasua uso kule New York; akashonwa, akagoma kurudi uwanjani bila kinyago. Kipa mwenzake Glenn Hall yeye alicheza mechi 502 mfululizo uso mtupu, na kabla ya mechi alikuwa akitapika. Hapo kwenye kutapika tulifanana kabisa.

Nikaamua kuiga magwiji kwenye video. Nikaanza na Dominik Hasek, yule Mcheki aliyezuia penalti zote tano za Kanada kule Nagano 1998. Jamaa hana mfupa! Analala chali, anarusha miguu juu, anaachia gongo makusudi ili akamate kisahani, yaani ule "mpira" bapa wa hoki, kwa mkono. Nikasema huyu ndiye wangu, mbona na mimi naanguka sana. Wiki ya pili nikajibinua vilevile: mguu mmoja ukaelekea kulia, mwingine ukabaki kwenye nguzo ya kushoto, katikati pakalia kama kitambaa kinachochanika. Kisahani nilikizuia, kwa taarifa yenu. Kilinigonga kalioni. Wiki tatu nikawa napanda ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Ndipo nikarudi kwa Roy. Anapiga magoti, anayabana pamoja, miguu kuanzia magotini inafunguka kama mabawa ya kipepeo na kuziba chini kote. Nilifanya zoezi hilo sebuleni na soksi juu ya vigae, mwanangu akinirushia mpira wa tenisi. Jambo jingine: toka golini hatua mbili, unamfinyia mpigaji nafasi.

Ila lililoniokoa hasa ni lile nililodhani ni ushirikina: Roy alikuwa akiongea na nguzo za goli. Siku moja nikajaribu, nikizigonga kwa gongo, kushoto, kulia, macho yakiwa mbele. Kumbe ukigonga unajua goli liko wapi bila kugeuka! Mechi hiyo wakanifunga mawili tu.

Wenzangu bado wanabishana nani mkubwa, wengi wanamtaja kipa Martin Brodeur kwa ushindi wake wa mechi 691. Siwaingilii. Naziamkia nguzo zangu kwa Kiswahili, "kushoto, upo? Kulia, upo?", na yule Mbongo ameshawaambia timu nzima kwamba hizo ni dawa za Tanga.