Chumvi, unyevu na buti: nilivyotunza vifaa vyangu Pemba

Nilipohamishwa kutoka Unguja kwenda kambi moja upande wa Wete, nilikuta wenzangu wengi wanaamini buti huisha kwa kutembea. Masika moja tu yalinitosha kuona kuwa Pemba kifaa hufa kikikaa. Kuanzia Machi hadi Mei nguo hushinda kwenye kamba isikauke, na doria zetu zilipita mikokoni, unatoka na matope ya chumvi hadi magotini.

Nilianza na chumvi. Ngozi iliyolowa maji ya bahari ikikauka, maji huondoka na chumvi hubaki ndani. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, ngozi ikalowa upya bila kuguswa na tone. Mwisho hukakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunjia. Kwa hiyo nikirudi doria, kabla ya kuoga, nazisuza buti nje na ndani kwa maji ya kisima, natoa kamba na soli za ndani, naziweka barazani kivulini penye upepo, zimejazwa magazeti. Magazeti yakilowa nayabadilisha. Juani sizianiki, wala karibu na moto, kwani ngozi hukauka upesi mno na gundi ya soli ikaachia. Rangi napaka zikishakauka hasa. Ukipaka juu ya unyevu, umeufungia ukungu ndani.

Lililowashangaza wengi ni soli. Mwenzangu mmoja aliweka jozi mpya ndani ya boksi kwa ajili ya gwaride. Siku alipozivaa, soli zilimeguka vipande vipande. Tukazipeleka kwa fundi wa viatu sokoni.

"Ami, hizi zinashoneka?" nilimuuliza.

"Hazishoneki, mwanangu. Uzi utashika nini? Soli yenyewe imekuwa unga."

Alisema kweli. Soli nyingi nyepesi za siku hizi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na joto likikutana na unyevu, maji huivunja poliyurethani pole pole kutoka ndani, iwe imevaliwa au haikuvaliwa. Mpira hauna maradhi hayo. Tangu hapo nikipewa buti natazama kwanza soli ni ya nini, na tarehe ya kutengenezwa kama imepigwa chini. Jozi zangu mbili nazivaa kwa zamu, hakuna inayolala boksini. Kila baada ya muda nazikunja na kuzibonyeza kwa kidole gumba. Nikiona nyufa ndogo pembeni, au soli inatoa unga, naandika bohari siku hiyo hiyo. Soli ikiachia kambini ni usumbufu. Ikiachia katikati ya mikoko usiku, askari amekuwa mzigo wa wenzake.

Koti la mvua ambalo upande wa ndani umeanza kunata na kunuka mara nyingi limepakwa poliyurethani ndani, nalo limepatwa na maradhi hayo hayo. Sabuni haisaidii, libadilishwe.

Shanta linataka mkono wa kushona. Kitambaa cha nailoni hakiozi, lakini uzi wa pamba huoza, basi mishipi ikikatika nashonea uzi wa nailoni niliousugua nta ya nyuki. Silianiki juani, kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe siitii kabisa. Zipu nazisuza chumvi itoke, kisha nazipitishia mshumaa. Bizimu za shaba ya njano nazisugua kwa ukwaju, kama mama zetu wanavyosugua sinia, halafu nazisuza sana, maana asidi ikibaki nayo hula shaba.

Kuhusu kubadilisha, nina msimamo. Soksi, uzi, kamba na nta natoa mfukoni mwangu, sisubiri mtu. Kombati na kitu chochote chenye alama ya jeshi sinunui mtaani hata nikiuziwa kwa bei ya kutupa. Ni mali ya jeshi, na raia haruhusiwi kuvivaa. Kombati iliyochanika irudishwe bohari, ndipo itolewe nyingine.

Boharia hawezi kukubishia ukiwa na maandishi. Nina daftari dogo: kifaa, siku niliyopewa, kilipolowa maji ya bahari, nilichokitengeneza. Nilipomwonyesha mara ya kwanza alisema, "Afande, buti hizi muda wake haujafika." Nikamfungulia ukurasa, nikamkunjia soli mbele yake. Alizipokea. Kuhesabu miaka peke yake, kana kwamba buti ya Dodoma na ya Pemba zinaishi maisha mamoja, kunawaonea askari wa visiwani.

Maombi yangu nayapeleka mapema, Januari au Februari, kiangazi kingali kikavu, ili vifaa viwe vimevuka bahari kabla mvua hazijaanza. Safari hii tumeandika kwa pamoja, kikosi kizima, na tumeomba buti za soli ya mpira.