Dropi ya Menengai: namna nilivyoiruka baada ya kuvunjika mtulinga

Dropi yenyewe, yaani pale unaporuka na baiskeli kutoka juu hadi chini, iko karibu na mwisho wa njia, baada ya kona ya tatu, pale mikalitusi inapoachana kidogo na Ziwa Nakuru likaonekana kule chini. Vijana waliochimba njia walisimamisha jukwaa la mabanzi, kimo chake mita 1.2. Unaingia juu yake, mbao zinapiga kelele chini ya tairi, halafu njia inakatika. Mbele kuna hewa, kisha mteremko wa udongo wa kukupokea. Septemba 2024 dropi hiyo ilinivunja mtulinga. Aprili 2025 niliiruka.

Nina miaka 36 na nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Nakuru. Baiskeli nilijifunzia Busia, kwenye Black Mamba ya baba, nikipenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Kule mpakani ndiko bodaboda za baiskeli zilikoanzia, kwa hiyo mtoto kupanda baiskeli halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ilikuwa kuacha ardhi kwa makusudi. Mara ya kwanza nilipoona kijana akiruka jampu, tuta la udongo la kurukia baiskeli, pale shambani, magurudumu yote mawili juu, kimya kabisa, kisha akatua bila kishindo, nilisimama na mzigo wangu wa chumvi ya ng'ombe nikasahau nilikokuwa naenda.

Shamba ni la mzee mmoja mteja wangu, lipo kwenye mteremko wa Menengai upande unaotazama mji. Alikubali vijana wachimbe njia kwa masharti mawili: mti wake usikatwe, na mvua isigeuze njia kuwa korongo. Sharti la pili ndilo gumu. Menengai ni volkano, shimo lake lina upana wa takriban kilomita 12 kwa 8 na ukingo wake unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Udongo wa huku umetokana na majivu yake na mawe yale mepesi yenye matundu. Januari unakuwa vumbi linalofunika kifundo cha mguu, na mvua kubwa ikishuka unabebwa wote. Jampu ukiitengeneza kwa udongo huo peke yake, mdomo wake unamomonyoka baada ya watu kumi kupita, na jampu iliyomomonyoka mdomo inakurusha upande usioutarajia.

Basi tulijifunza kuchimba siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu wa kushikana ukiufinya mkononi. Tulileta udongo mwekundu kwa mkokoteni wa punda, tukachanganya, tukashindilia kwa mgongo wa jembe tabaka baada ya tabaka, kila moja lisizidi unene wa kiganja. Kando ya kila jampu tulikata mtaro wa kutoa maji. Nimebeba karai nyingi sana kwenye njia ile, na naamini mtu anayebeba udongo wa jampu anaielewa kuliko anayekuja Jumapili kuiruka tu. Mikono yangu ilijua mteremko wa kutua una ukali gani kabla baiskeli yangu haijaufika.

Siku niliyoanguka nilikuwa nimeruka jampu ndogo zote vizuri. Nikaingia jukwaani, nikauona mwisho wa mbao, nikashika breki.

Kosa lilikuwa hapo, na ilinichukua muda kulielewa kwa hesabu. Kwenye baiskeli yangu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 1.2. Ukifika ukingoni kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, gurudumu la mbele linatangulia kutoka, na la nyuma linabaki juu ya mbao kwa zaidi ya sehemu 4 za 10 za sekunde. Muda wote huo mbele kunazama. Baiskeli inainamisha pua, na wewe unafuata kichwa kwanza. Kwa kilomita 20 kwa saa, la nyuma linafuata kwa nusu ya muda huo, na baiskeli inaondoka karibu imelala sawa. Mimi kwa woga nilipunguza mwendo mahali pasipotaka kupunguzwa, na gurudumu la mbele likachomeka ardhini kabla hata ya mteremko kuanza. Helmeti yangu ilikuwa ile inayofunika kidevu, na kidevu chake kilibaki na mkwaruzo mrefu. Bila hiyo ningekuwa nasimulia habari za meno.

Wiki sita mkono ulikaa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mama alipiga simu kutoka Busia kila jioni. “Mwanangu, baiskeli ni ya kwenda sokoni,” alisema. Sikumbishia. Nilimwambia shikamoo, nikamsikiliza hadi mwisho, na moyoni nilijua nitarudi.

Oktoba hiyohiyo, nikiwa nimeketi dukani na mkono mmoja, nilitazama kwenye simu Red Bull Rampage, mashindano ya baiskeli za milimani kule Utah, Marekani. Yalianza 2001, na mwaka huo wa 2024 ndipo wanawake walipopewa nafasi yao kwa mara ya kwanza. Robin Goomes wa New Zealand alishinda. Majabali yale mekundu hayafanani na shamba letu hata kidogo, na dropi zao ni za kimo cha nyumba. Lakini nilikuwa nikitazama kitu kimoja tu: vichwa vyao. Hakuna aliyekuwa akitazama ukingo. Kabla tairi haijatoka, macho yalikuwa yamekwisha kufika chini.

Januari nilianza upya, na nilianza na ukingo wa barabara mbele ya duka, sentimita 15. Nafunga duka saa kumi na mbili jioni, natoa baiskeli, nashuka ukingo ule mara ishirini. Majirani walizoea. Baadaye niliweka ubao juu ya mawe ya kujengea, sentimita 30, kisha 60. Kila kimo nilikipa wiki kadhaa, na sikupanda kingine mpaka magurudumu yote mawili yatue pamoja mara kumi mfululizo. Sauti ndiyo iliyokuwa mwalimu. Yakitua pamoja unasikia “pu” moja. Mbele likitangulia unasikia mbili, na viganja vinauma.

Jambo lililonisumbua zaidi ni mikono. Nilidhani kuruka dropi ni kuvuta usukani kuja kifuani. Mmoja wa wachimbaji, kijana wa miaka 19 anayeniita Anti, alinirekebisha. “Anti, usivute. Inama kwanza, viwiko nje, halafu isukume baiskeli iende mbele yako, kama unasukuma mlango.” Nilipojaribu hivyo kwenye ubao wa sentimita 60, pua ya baiskeli haikuzama. Makalio yanarudi nyuma kidogo na kushuka, magoti yamelegea, na ukigusa ardhi unaacha miguu na mikono ikunje yenyewe. Forki yangu, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina shokomzoba inayozama milimita 130 na nyuma hakuna kitu, kwa hiyo shokomzoba ya nyuma ni magoti yangu.

Fundi wangu wa karibu na stendi naye alichangia. Aliteremsha kiti kabisa ili kisinipige kinenani, akabadilisha pedi za breki, na akanishauri nisijaze upepo hadi tairi iwe jiwe. Nilikuwa najaza psi 45 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Tulishuka mpaka 28, na tairi ikaanza kung'ang'ania udongo kwenye kona badala ya kurukaruka. Chini ya hapo nilipasua tyubu mara mbili, rimu ikiuma mpira kwenye mawe, basi 28 ndiyo yangu kwa uzito wangu wa kilo 68.

Jumamosi moja ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku, mvua ya wastani, na udongo ulikuwa rangi ya kahawa na imara. Nilitembea njia nzima kwa miguu kwanza. Nilisimama pale pa kutua, nikapima kwa hatua. Ukianguka mita 1.2 unakaa hewani karibu nusu sekunde, na kwa mwendo wa kilomita 20 baiskeli inasogea kama mita 2.7 mbele katika muda huo. Nilichomeka kijiti chenye utepe mwekundu hapo kando. Kisha nikapanda hadi kwenye mkalitusi uliochubuka gome, ambao tulikuwa tumeupima kwa wengine: ukiachia breki hapo na usipige pedali, unafika jukwaani na mwendo unaotakiwa.

Kijana aliuliza, “Nikutangulie, Anti?” Nikasema ndiyo. Alikwenda, nami nyuma yake umbali wa baiskeli nne hivi. Kwenye mkalitusi niliachia breki, na vidole niliviondoa kabisa kwenye lever isipokuwa kimoja kila upande. “Usiliangalie jukwaa,” alikuwa amesema, “jukwaa halikupokei.” Niliangalia utepe. Mbao zilipiga kelele, mgongo wake ukatoweka, nikasukuma mlango.

Kilichonishangaza ni ukimya. Cheni haigongi, tairi halisagi, upepo tu ndani ya helmeti. Halafu “pu,” moja. Magoti yalikunjika, nikapita utepe nikiwa tayari natazama kona inayofuata, nikaikata bila kufikiri. Nilisimama chini kwenye ua wa mzee. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Mzee alitoka na kikombe cha chai. “Umeruka?” 

“Nimeruka, mzee.”

“Na mtaro wangu wa juu, maji yameupitaje?”

Nikamwambia umeziba majani upande wa kushoto. Nilikunywa chai haraka, nikachukua jembe, nikasukuma baiskeli kupanda tena. Tulizibua mtaro kwanza. Kabla ya giza niliiruka mara nne zaidi, na ya nne nilianzia hatua mbili juu ya ule mkalitusi.