Nyama iliyotupwa

Uvimbe wa kwanza wa mama mkubwa, mgonjwa wa saratani ya titi, ulitupwa. Alipasuliwa titi kwenye kituo kidogo hapa Bukavu, akashonwa, akalipa, akarudi mtaani Kadutu kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilipouliza ile nyama iko wapi, muuguzi alinitazama kama nimeulizia maganda ya ndizi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na bado nilinyamaza. Linaniuma mpaka leo.

Miezi minane baadaye, palepale kwenye kovu pakaota kitu kama gololi. Daktari aliyekitoa safari hii alikitia kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kikaja kufungwa ndani ya nta ya parafini, nami nikakivusha mto Ruzizi kwenda maabara Rwanda kwenye mkoba. Kidogo kuliko kiberiti. Afisa wa mpaka akauliza ni nini. Nikasema, "Ni titi la mama." Akanirudishia upesi.

Kule walikikata vipande vyembamba kupita karatasi, wakavimwagia kingamwili inayotafuta kipokezi cha estrojeni, yaani protini inayoinasa homoni hiyo ya kike. Kipokezi kikiwepo, kiini cha seli hugeuka kahawia. Majibu yakaja: vipokezi vipo, HER2 (protini nyingine inayoweza kuikuza saratani) hakuna.

Mstari huo mmoja ndio uliochagua dawa. Estrojeni huingia ndani ya seli, ikashikana na kipokezi chake, vikatua pamoja juu ya DNA na kuwasha jeni zinazoiamuru seli igawanyike. Tamoksifeni, dawa aliyoandikiwa, hushika kipokezi hichohicho, ila kwenye titi haiwashi kitu. Mama mkubwa alinisikiliza weee, kisha akasema: "Kumbe ni kama yule anayeniwahi meza yangu sokoni, halafu hauzi kitu." Huo mfano nimeuiba, nautumia darasani.

Kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, miaka mitano. Mwanzoni alikidharau. Kwake yeye, anayetibiwa kweli ni jirani yetu, aliyechomwa sindano mpaka nywele zikaisha. Nilipomwambia kidonge chake kilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 katika kutafuta dawa ya kuzuia mimba, kikashindwa kazi hiyo, alicheka mpaka akakohoa. Ana miaka 61. Siku hizi joto humpanda usiku, anafungua dirisha, mbu wanatula sote.

Juma lililopita jirani alikuja kuomba wagawane vidonge. Mama mkubwa alishaanza kumhesabia kiganjani. Nikamwomba jirani karatasi ya maabara kwanza. Hana. Na nyama yake ilikokwenda, hakuna aliyemwambia.