Nilivyozitibu ngazi zetu zilizokuwa zikiteleza

Nyumba yetu iko Mabatini, juu kwenye mawe. Anayeijua Mwanza ataelewa: gari linaishia barabarani, kilichobaki ni miguu yako. Kutoka njiani hadi mlangoni kwetu kuna ngazi 16 za zege zilizopigwa niru, ile saruji laini ya kung'arisha juu, na mvua za vuli za mwaka juzi zilimwangusha mama akiwa anashuka na ndoo ya nguo. Alivunjika mkono wa kushoto. "Ni kandambili zangu hizi, mwanangu," aliniambia, kama vile yeye ndiye mkosaji. Iliniuma sana.

Kesho yake nilikaa chini ya ngazi nikatazama watu wanavyopita. Anayepanda hutua mguu ndani ya kipandio. Anayeshuka hutua ukingoni kabisa, na uzito wake wote unasukuma mbele. Ukingoni hapohapo ndipo zege letu lilipolika likawa mviringo, na niru ilikuwa inang'aa.

Nilianza na utepe wa kubandika wenye chenga kama msasa, kwa sababu ni rahisi. Haukumaliza mwezi. Zege letu linatoa vumbi, nami nilibandika bila kuliosha wala kulipaka dawa ya kushikisha gundi. Pembe za utepe zikainuka, zikawa zinanasa vidole vya miguu, na hapo ni hatari kuliko mwanzo. Kwa dada yangu, kule mtaa wa Nyakato, utepe huohuo umedumu, lakini kwake ni ngazi za ndani, juu ya vigae vikavu.

Nikarudi mjini kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, safari hii na chupa ya maji. Nilionyeshwa kingo za alumini, yaani vipande virefu vya kufungwa mbele ya kila kipandio, za aina tatu: yenye mistari mitupu, yenye mkanda wa mpira, na yenye mkanda wa chenga ngumu. Nilizimwagia maji nikasugua kandambili juu yake. Ile ya mistari iliteleza palepale. Ya mpira ilishika vizuri, na kama ngazi zetu zingekuwa chini ya paa ningeichukua. Kwa ngazi za nje zenye mvua na tope nilichagua chenga, ingawa mtoto akianguka hapo atachubuka. Rangi nilitaka njano. Jioni ngazi za kijivu huonekana kama mteremko mmoja, na macho ya mama si ya zamani.

Fundi alitaka kuzipigilia juu juu. "Dada, zitashika tu." Nilikataa, kwa sababu ukingo ulioinuka hata kidogo unamkwaza mtu. Tulijaza kwanza pembe zilizolika, tukazimwagilia maji kwa siku 7 ili saruji ikomae, halafu akachonga mfereji kwa grinda ukingo ukae sawa na zege. Gundi, fisha (vile vijiti vya plastiki vya kushikia skrubu ndani ya tundu), skrubu zisizoshika kutu, vichwa vyake vimezama ndani. Akashauri tuweke ngazi moja turuke moja, tuokoe hela. Hapana. Mguu ukizoea kushikwa, ngazi isiyoshika ndiyo itakayouangusha.

Alipokuwa anapima ndipo tulipogundua kwamba ngazi ya chini kabisa ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko nyingine kwa sentimita 4. Mguu unahesabu hata kama wewe huhesabu, na hakuna ukingo unaotibu hilo. Tulimwaga zege kuinua ardhi ya pale chini hadi urefu ukalingana.

Masika yaliyofuata mama alishuka na ndoo yake bila kuniita. Kazi yangu sasa ni kila Jumamosi kusugua ngazi kwa fagio gumu na sabuni, maana tope likijaa kwenye chenga hazishiki tena. Na bado natafuta bomba la kushikia. Litakaa kulia kwa anayeshuka, kwa sababu ule mkono wa kushoto haujarudiwa na nguvu.